Lenzi mbinuko na mchoro wa miale: mara napata sm 25, mara sm 37.5, kitabu kinasema sm 30

fundi_wa_Kihonda aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwaka huu nimejiandikisha kurisiti fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu natamani sana kusomea mambo ya macho na miwani. Mchana nashona, usiku mtoto akilala nafungua daftari. Mwalimu wa darasa la jioni alitupitisha kwenye mada ya lenzi kwa kipindi kimoja tu, kisha tukaendelea na sumaku. Kwa hiyo hapa nilipo niko peke yangu na kitabu.

Swali lenyewe ni hili. Kitu chenye urefu wa sm 3 kimesimamishwa sm 15 mbele ya lenzi mbinuko, ile iliyotuna katikati, yenye urefu wa fokasi sm 10 (fokasi ni nukta ambapo miale sambamba hukutana baada ya kupita kwenye lenzi). Tumia mchoro wa miale kutafuta taswira iko wapi, ina urefu gani, na ni ya aina gani. Jibu la nyuma ya kitabu: sm 30 upande wa pili, urefu sm 6, imepinduka, ni halisi.

Nilichofanya mimi: kwa ulalo, sm 1 ya daftari ni sm 5 za kweli. Kwa wima nimeacha kama ilivyo. Kwa hiyo kitu changu kiko sm 3 kutoka katikati ya lenzi, na fokasi ziko sm 2 kila upande. Lenzi nimeichora kama ilivyo kitabuni, umbo la mbegu ya boga iliyosimama, urefu wake sm 8 na unene karibu sm 1 pale katikati.

Mara ya kwanza mwale unaokwenda sambamba na mhimili (mstari wa ulalo unaopita katikati ya lenzi) nikauingiza kwenye lenzi, nikauacha unyooke hadi uso wa pili, nikaukunja pale unapotoka na kuupitisha kwenye fokasi. Mwale wa katikati nikaupitisha moja kwa moja. Vikakutana sm 5 kutoka kwenye lenzi, maana yake sm 25.

Nikafuta. Mara ya pili nikaukunja palepale unapoingia, uso wa kwanza. Vikakutana sm 7.5, maana yake sm 37.5.

Nikasema basi nitumie mwale wa tatu uniamulie, ule unaopita kwenye fokasi ya upande wa kitu. Huo ndio umenimaliza nguvu. Ukitoka ncha ya kitu ukapita kwenye fokasi, unashuka hadi sm 6 chini ya mhimili. Lenzi yangu inaishia sm 4. Yaani mwale umepita chini ya lenzi bila hata kuigusa!

Kwa hiyo naomba kueleweshwa. Mwale ukunjwe wapi hasa? Na huu ambao haukugusa lenzi, unahesabikaje? Karatasi imechakaa kwa kifutio na bado sijalala.

---

Kidato4_mchana alijibu:

Pole dada. Mimi niko kidato cha nne mwaka huu. Ushauri wangu, tumia fomula, michoro inapoteza muda. Moja gawanya kwa f (urefu wa fokasi) ni sawa na moja gawanya kwa u (umbali wa kitu) jumlisha moja gawanya kwa v (umbali wa taswira). Kwa hiyo 1/v = 1/10 − 1/15 = 1/30, basi v ni sm 30. Ukuzaji ni 30 gawanya kwa 15, ni mara 2, urefu sm 6. Umemaliza kwa mistari mitatu.

Kuhusu mwale kupita nje ya lenzi, nadhani maana yake lenzi ni ndogo, kwa hiyo sehemu ya taswira itakatika. Ni kama ukifunika nusu ya lenzi kwa karatasi, utaona nusu ya kitu. Anayejua zaidi anisahihishe.

---

Babu_wa_Maabara alijibu:

Marahaba, binti yangu. Na wewe kijana wa kidato cha nne, vizuri umejitokeza, nitakurudia.

Nimefanya kazi ya maabara ya shule Tanga kwa miaka 34 hadi nilipostaafu. Nimesoma maelezo yako, nikachukua daftari la mjukuu wangu, nikachora kama ulivyochora wewe, na lenzi yenye tumbo vilevile. Nimepata sm 5, kisha nimepata sm 7.5. Mkono wako uko sawa na rula yako iko sawa. Kosa liko kwenye lile tumbo la lenzi.

Angalia. Kwa umbo ulilolieleza, pale juu sm 3 mwale wako unapoingilia, unene wa lenzi ni kama mm 4. Kwa skeli yako hizo ni sm 2 za kweli: sm 1 kabla ya mstari wa katikati na sm 1 baada yake. Ulipokunja kwenye uso wa pili, mwale ulikuwa umeshavuka katikati kwa sm 1, ukabakiwa na sm 9 tu za kushuka hadi kwenye fokasi. Ukashuka kwa kasi mno, ukakutana na mwenzake mapema. Ulipokunja kwenye uso wa kwanza, ukawa na sm 11 za kushuka. Ukalala, ukamkuta mwenzake mbali. Tofauti ya sm 1 tu huku na huku, na jibu limeruka kutoka 25 hadi 37.5! Ndivyo ilivyo miale miwili inapokutana kwa pembe nyembamba. Penseli butu tu inatosha kukupeleka sm 2 pembeni, sembuse tumbo la lenzi.

Sasa, mwale wa kweli kwenye lenzi ya kweli hupinda mara mbili, unapoingia kwenye kioo na unapotoka. Hilo uko sahihi kulifikiria. Lakini jibu la kitabu chako ni la lenzi nyembamba, yaani lenzi ambayo unene wake ni mdogo mno ukilinganisha na urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya namna hiyo tunakubaliana kwamba kupinda kote kunatokea mara moja, kwenye mstari wima unaopita katikati. Kwa hiyo usichore mbegu ya boga. Chora mstari mmoja uliosimama, weka kichwa cha mshale juu na kingine chini vikitazama nje, hiyo ndiyo alama ya lenzi mbinuko. Ukipenda kuonyesha umbo lake, lichore kwa wepesi juu ya mstari huo, lakini miale isilijue. Miale ijue mstari tu. Chora hivyo usiku huu na utapata sm 6 za daftari, sm 30.

Mwale wa kitovu haupindi kwa sababu pale katikati nyuso mbili za lenzi ziko sambamba, kama kipande cha kioo cha dirisha. Unasogezwa pembeni kidogo sana, na kwa lenzi nyembamba tunaacha kuhesabu.

Twende kwenye mwale wako wa tatu, maana hapo ndipo penye elimu yenyewe, na ndipo nilipowaona wanafunzi wengi wakipotea mwaka baada ya mwaka.

Ncha ya kitu chako haitoi miale mitatu. Inatoa miale isiyohesabika, kila upande. Jambo hili aliliandika kwa Kiarabu Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyezaliwa karibu mwaka 965 na kufia Kairo: kwamba kila nukta ya kitu chenye mwanga hupeleka mwanga kila upande kwa mistari iliyonyooka. Miale yote inayotoka ncha ile ikaangukia lenzi, ya juu, ya chini, ya ukingoni, ya katikati, lenzi inaikusanya yote kwenye nukta moja upande wa pili. Nukta hiyo ndiyo taswira ya ncha. Sisi tunachagua miale mitatu kwa sababu moja tu: njia zake tunazijua bila kupiga hesabu yoyote. Mwanga wenyewe hauna upendeleo nayo.

Kwa hiyo mwale uliopita chini ya lenzi haukuwapo kwenye tukio. Ni kweli haukupita. Lakini unajua ungekwenda wapi kama lenzi ingekuwa ndefu zaidi, na ungekwenda palepale wenzake walipokwenda. Refusha mstari wa lenzi hadi sm 6 chini, kunja hapo, uache uende sambamba na mhimili. Utakutana na wale wawili sm 30. Na hapohapo unapata urefu wa taswira bila kupima tena, kwa sababu mwale huo unasafiri sm 6 chini ya mhimili hadi mwisho.

Kijana wangu, sasa wewe. Hesabu yako ni sahihi na fomula ni nzuri, mimi siipigi vita. Lakini hiyo ya nusu lenzi umekosea, na umekosea kwa sababu uliruka mchoro. Wiki moja ya mtihani wa vitendo, miaka mingi iliyopita, lenzi ilimponyoka mwanafunzi ikaanguka sakafuni ikapasuka vipande viwili. Akaanza kulia, maana hatukuwa na akiba. Nikachukua kile kipande kikubwa, nikakibana kwenye kishikio, nikawasha mshumaa. Mwali wote ukatokea kwenye skrini, tangu utambi hadi ncha, umefifia tu. Alimaliza jaribio lake na nusu lenzi. Ukifunika nusu ya lenzi, kila nukta ya kitu bado inapeleka miale kwenye nusu iliyobaki, na nusu hiyo inaikusanya mahali palepale. Unapoteza mwanga. Hupotezi kipande cha taswira.

---

Kidato4_mchana alijibu:

Asante sana babu, nimeelewa. Kesho nitaomba lenzi maabara nijaribu mwenyewe kabla sijamwambia mtu mwingine.

---

Mvita_kwetu alijibu:

Salaam kutoka Mombasa. Mzee, kuna kitu kimenitatiza. Huyu dada ametumia skeli mbili, ya ulalo 1 kwa 5 na ya wima 1 kwa 1. Si zitaharibu pembe zote za miale? Sisi tulikatazwa.

---

Babu_wa_Maabara alijibu:

Pembe zinabadilika, ndiyo, lakini mahali pa kukutana hapabadiliki, kwa kuwa kila mstari unanyooshwa wima kwa kiasi kilekile. Mistari iliyokuwa inakutana inaendelea kukutana kwa umbali uleule kutoka kwenye lenzi. Mimi nawashauri wanafunzi wanyooshe wima makusudi, maana miale ikikutana kwa pembe pana nukta inaonekana wazi. Sharti ni moja, uandike skeli zote mbili juu ya mchoro. Msahihishaji asiyeiona skeli hana cha kukupa.

---

fundi_wa_Kihonda alijibu:

Babu, Mungu akuweke. Nimechora kwa mstari mmoja. Miale yote mitatu imekutana sm 6 za daftari, hata upana wa penseli haijapishana. Nimeitazama ile nukta kwa muda mrefu.

Na ile ya kurefusha lenzi nimeielewa kwa njia yangu. Nikikata sketi ya kupepea, kitovu cha duara mara nyingi kinaangukia nje ya kitambaa, juu ya meza. Naweka alama ya chaki mezani na nazungusha futi kutoka pale. Kitambaa hakifiki pale, lakini mkato wote unafuata alama ile. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya kitu hicho hicho kila wiki.

Sasa nina swali lingine, na linatoka kwenye cherehani hasa. Nina kioo cha kukuzia, nakitumia kuangalia mshono mwembamba na kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nikikishika karibu na kitambaa, uzi unaonekana mkubwa na umesimama vilevile, haujapinduka. Nikachora kitu kikiwa sm 6 kutoka kwenye lenzi ileile ya sm 10. Mwale sambamba na mwale wa kitovu vikatoka upande wa pili vikiachana. Kadiri ninavyovirefusha vinazidi kuachana. Fomula ikanipa hasi 15. Nimekosea wapi?

---

Babu_wa_Maabara alijibu:

Hujakosea popote. Umefika ndani ya fokasi, na huko ndiko kinakofanya kazi kioo chako cha kukuzia.

Weka rula juu ya miale hiyo miwili baada ya kutoka kwenye lenzi, kisha uirudishe nyuma kwa mistari ya nukta nukta, upande ule ule wa kitu. Itakutana. Kwa skeli yako kitu kiko sm 1.2 na makutano yatakuwa sm 3 kutoka kwenye lenzi, yaani sm 15, upande wa kitambaa. Ile hasi ya fomula ndiyo inayosema "upande huu, siyo ule". Kijana wetu wa fomula angeiona hasi akafikiri amekosea hesabu, akaifuta. Mchoro unakuonyesha hasi hiyo iko wapi mezani.

Urefu wake ni mara 2.5. Uzi wa nusu milimita unauona kama una unene wa milimita moja na robo.

Lakini hakuna mwanga unaokutana kweli pale sm 15. Ukiweka karatasi pale hutapata kitu. Ni jicho lako linalopokea miale inayoachana na kuifuata nyuma hadi inapoonekana kutokea. Ndiyo maana inaitwa taswira dhahania, na ndiyo maana tunaichora kwa nukta nukta. Mistari kamili ni kwa mwanga uliopita kweli. Ukichora taswira dhahania kwa mstari kamili msahihishaji anajua hujaelewa, hata kama namba ni sahihi.

Jaribu na kitu kiwe palepale sm 10, juu ya fokasi. Miale itatoka sambamba, haikutani mbele wala nyuma. Usitafute taswira hapo, andika kwamba iko mbali isiyo na kikomo.

Kisha fanya jambo moja usiku wowote unaofaa. Weka kioo chako mezani, mshumaa upande mmoja, karatasi nyeupe upande wa pili. Wengi wanachora mwaka mzima hawajawahi kuiona taswira halisi kwa macho yao. Ila zingatia kwamba kati ya mshumaa na karatasi lazima pawe na nafasi isiyopungua mara nne ya urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya sm 10 ni sm 40. Chini ya hapo hata ukisogeza lenzi usiku kucha, picha haitakaa.

---

Miwani_Dodoma alijibu:

Dada fundi, karibu sana kwenye fani. Mimi napima macho kwenye duka la miwani. Nimesoma uzi huu wote kwa furaha, naomba niongeze mambo mawili ya kazini.

La kwanza, sisi hatusemi "lenzi ya sm 10". Tunachukua moja tunagawanya kwa urefu wa fokasi kwa mita, tunapata dayopta. Lenzi ya swali lako ni +10. Miwani ya kusomea ya +2.50 ina urefu wa fokasi wa sm 40, na ile ya +2.00 ni sm 50. Ukikutana na miwani ya kusomea imeandikwa namba pembeni, unaweza kuichora mchoro wake papo hapo.

La pili ni hilo la nusu lenzi, na kwetu si mchezo wa maabara. Jicho lina lenzi yake, na mtu mwenye mtoto wa jicho lenzi hiyo imeingia ukungu. Ukungu ukianzia sehemu moja tu ya lenzi, watu wanatarajia mgonjwa aone doa jeusi mahali fulani. Hasemi hivyo. Anasema kila kitu kimefifia, taa za magari usiku zinamtawanyikia, anaomba mwanga zaidi asome. Sababu ndiyo hiyo aliyoeleza mzee, kila nukta ya unachokitazama inapita kwenye lenzi nzima. Mgonjwa akiniambia kuna kipande kabisa hakioni, wazo langu linakwenda nyuma ya lenzi, kwenye pazia la jicho, kule taswira inakoangukia, au kwenye mshipa unaopeleka habari ubongoni. Nampa rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo huo mchoro unaouhangaikia usiku, usiuone ni wa mtihani tu. Na siku ya mtihani utaandika kwa Kiingereza, lakini endelea kuelewa kwanza kwa lugha unayoota nayo.

---

fundi_wa_Kihonda alijibu:

Asanteni wote. Dada au kaka wa Dodoma, maneno yako nimeyanakili kwenye jalada la daftari.

Nimerudi kutoa ripoti. Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, nikasema ndiyo nafasi. Nikaweka mshumaa, kioo changu nikakisimamisha kati ya vitabu viwili, sm 15 kutoka kwenye mshumaa. Karatasi nikaiweka sm 30 upande wa pili kama swali lilivyosema. Sikupata kitu. Wingu la njano tu, duara lisilo na umbo. Nikasogeza karatasi nyuma, nikasogeza mbele, hadi mwisho wa meza, wingu tu. Nikalala nikiwa na huzuni kidogo, kwa kweli.

Asubuhi wakati naanika nguo nikakumbuka kwamba kioo changu si kile cha kitabuni. Sijawahi kukipima. Mlango wangu wa mbele unatazama Milima ya Uluguru. Nikaingia ndani, nikasimama ukutani, nikashika karatasi nyuma ya kioo na kusogeza taratibu. Mara milima ikaingia kwenye karatasi. Nasema kweli, Uluguru yote, kichwa chini, na rangi zake, kijani na buluu, na kipande cha wingu chini ya milima mahali pa anga, na kamba yangu ya nguo imepita kama ukungu. Haikuzidi ukubwa wa kifungo cha koti. Nilimwita mwanangu akaja na mswaki mdomoni. Nikapima kwa futi kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi: sm 12.

Basi nikachora upya kwa lenzi ya sm 12. Kwanza mshumaa sm 15, nilivyouweka juzi. Miale ikakutana sm 60! Meza yangu inaishia mbali kabla ya hapo, ndiyo maana nilipata wingu. Nikachora na mshumaa sm 18. Ikakutana sm 36, taswira mara mbili ya kitu. Nikaandika hizo namba kwa kalamu ya wino, nikasema usiku nitazikuta au sitazikuta.

Jana usiku nikazima taa mwenyewe, sikusubiri umeme ukatike. Mshumaa sm 18. Karatasi nikaibandika kwenye boksi la nyuzi na kuisogeza kidogo kidogo. Wingu likaanza kujikunja, likapata kiuno, likapata ncha, na ghafla mwali ukasimama pale, kichwa chini, unacheza kama mshumaa wenyewe unavyocheza, lakini kinyume. Mshumaa ukiegemea kulia, ule wa kwenye karatasi unaegemea kushoto. Niliweza kuuona utambi. Nikapima: sm 37. Mwali wa mshumaa ulikuwa kama sm 2 na ule wa kwenye karatasi sm 4 na kidogo.

Mwanangu ndiye aliyeshika kipande cha kadibodi. Nikamwambia funika nusu ya chini ya kioo. Akafunika. Mwali ukabaki wote. Akaondoa, ukang'aa. Akafunika tena, ukafifia. Akaanza kupandisha kadibodi polepole, na mwali ukazidi kufifia wote kwa pamoja, ncha na utambi sawasawa, hadi kadibodi ilipofika juu kabisa na karatasi ikabaki nyeupe tupu. Akasema, "Mama, tena." Tumerudia hadi mshumaa ukaisha.